Kupandikizwa uloto au kutumia dawa: miaka ya mbele inatofautianaje kwa mgonjwa wa Kanda ya Ziwa?

Familia ikishaambiwa kwamba uloto wa mgonjwa wao umeshindwa kutengeneza damu, yaani ana anemia ya aplastiki, swali la kwanza huwa "atapona?" na la pili "ni shilingi ngapi?". Swali la tatu huchelewa kuulizwa, na kwa maoni yangu ndilo linalotenganisha njia mbili kuu za matibabu: mwaka wa pili, wa tano na wa kumi baada ya matibabu, mtu huyu ataishije? Kupandikizwa uloto kunaokoa watu, na dawa za kushusha kinga nazo zinaokoa watu. Ila maisha yanayofuata hayafanani. Kwa mtu wa Sengerema, Magu au Ukerewe tofauti hiyo inakuwa kubwa zaidi, kwa sababu huku kuna malaria, kuna kichocho, na wengine wana maji kati ya nyumbani na hospitali.

Mimi si daktari. Ni kaka wa mgonjwa aliyekwenda njia ya dawa, na kwa kukaa kwenye mabenchi ya kliniki nimefahamiana na waliokwenda njia ya pili. Uamuzi wenyewe ni wa kwenu na daktari bingwa wa damu. Hapa naweka njia hizo bega kwa bega ili mkiingia chumbani kwake mjue cha kuuliza.

Ugonjwa wenyewe, kwa kifupi

Uloto ni ile sehemu laini ndani ya mifupa inayotengeneza chembe nyekundu, chembe nyeupe na chembe sahani (zinazosaidia damu kuganda). Katika anemia ya aplastiki, kipande kinachochukuliwa kwenye mfupa wa nyonga hukutwa kimejaa mafuta huku chembe zikiwa chache. Kwa wagonjwa wengi chanzo ni kinga ya mwili wao wenyewe kuzigeukia chembe mama za damu. Ndiyo maana HB (kipimo cha wingi wa damu) inashuka na pumzi inakata njiani, fizi zinatoa damu bila sababu, na homa hazikomi. Si selimundu wala si saratani ya damu, ingawa majirani watayataja yote mawili kabla hujamaliza kueleza.

Vigezo vya kuuita ugonjwa huu mkali vimetumika tangu 1976: uloto wenye chembe chini ya robo ya kawaida, pamoja na mawili kati ya haya: nyutrofili (chembe nyeupe zinazopambana na bakteria) chini ya 0.5, chembe sahani chini ya 20, na chembe nyekundu changa zilizopungua mno. Nyutrofili zikiwa chini ya 0.2, ugonjwa huitwa mkali sana. Andikeni namba za siku ya kwanza kwenye daftari, maana ndizo mtakazozirudia miaka yote inayofuata.

Kabla ya kuchagua chochote, daktari anapaswa kuondoa magonjwa yanayofanana na huu: upungufu wa vitamini B12, VVU, kifua kikuu kilichoingia kwenye uloto. Kwa mtoto au kijana kuna jambo moja zaidi, nalo ni anemia ya Fanconi, ambayo mtu huzaliwa nayo. Mwenye Fanconi hatapona kwa dawa za kushusha kinga, na dozi za kawaida za kuandaa upandikizaji zinaweza kumuua. Kama mgonjwa wenu ni mtoto na neno Fanconi halijatajwa hata mara moja, litajeni ninyi.

Juisi ya rozela, bitiruti na matembele ni vyakula vizuri, lakini haviamshi uloto. Vile vidonge vyekundu vya kuongeza damu ni shauri jingine kabisa: mgonjwa huyu hana upungufu wa madini ya chuma, na anayeongezewa damu kila mara anayo ya kuzidi. Msimpe bila daktari kusema.

Njia zinavyofanya kazi

Fikirieni shamba lililovamiwa na ngedere. Upandikizaji ni kung'oa kilichobaki na kupanda mbegu za jirani. Dawa ni kuwafukuza ngedere na kusubiri mbegu chache zilizosalia ziote upya. Kila mliloambiwa kuhusu madhara ya baadaye linatokana na tofauti hiyo. Mbegu ngeni zinaweza kukosana na udongo, na ngedere waliofukuzwa wanaweza kurudi.

Katika upandikizaji, mgonjwa hupewa dawa kali kwa siku kadhaa, kisha huingizwa uloto wa mchangiaji kupitia mshipa, kwa namna ambayo ukiangalia tu utadhani anaongezewa damu. Hapa nchini Muhimbili ilianza huduma ya kupandikiza uloto mwaka 2021, na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma nayo huwapandikiza watoto wenye selimundu uloto wa ndugu zao. Kwa anemia ya aplastiki ulizeni rufaa yenu inaelekea wapi, maana familia nyingine huelekezwa India.

Njia ya dawa ina nguzo mbili na nyongeza moja. Nguzo ya kwanza ni ATG, dawa inayotengenezwa kutokana na seramu ya farasi au sungura, ambayo hutolewa kwa dripu siku nne au tano. Ya pili ni siklosporini, vidonge asubuhi na jioni. Nyongeza ni eltrombopagi, kidonge kinachochochea chembe mama.

Msikubali tu kwamba "ATG ni ATG". Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2011 uliwalinganisha wagonjwa waliopata ya farasi na waliopata ya sungura. Baada ya miezi sita, asilimia 68 ya kundi la farasi walikuwa wameitikia, dhidi ya asilimia 37 la sungura. Ulaya nako, mwaka 2022, ilionekana kwamba kuongeza eltrombopagi juu ya ATG ya farasi na siklosporini kulipandisha walioitikia ndani ya miezi sita kutoka asilimia 41 hadi 68. Msiziweke namba za utafiti mmoja juu ya za mwingine, kwa kuwa kila mmoja ulikuwa na vigezo vyake. Linganisheni ndani ya utafiti uleule.

Ndugu wa tumbo moja

Upandikizaji unaofanya vizuri zaidi kwa ugonjwa huu ni wa ndugu wa baba mmoja na mama mmoja ambaye aina zake za tishu zinalingana kabisa na za mgonjwa. Kila ndugu ana nafasi ya asilimia 25. Mwenye ndugu wawili ana nafasi ya asilimia 44 hivi ya kumpata hata mmoja. Wanne, asilimia 68. Sita, asilimia 82. Hapa familia zetu kubwa za Usukumani na Ukerewe zina faida ambayo mtu wa Ulaya mwenye kaka mmoja hana. Lakini ndugu wa mama tofauti, hata kama mmelelewa boma moja na mnaitana mapacha, ni nadra sana kulingana kikamilifu.

Kuna jambo linaloharibu nafasi hii mapema bila watu kujua. Mgonjwa anapolazwa na benki ya damu kuomba wachangiaji, ndugu ndio wa kwanza kukunja mikono ya shati. Wachangie, ndiyo, maana damu inahitajika. Ila waseme wazi kwamba damu yao isiende kwa mgonjwa huyu. Mwili wake ukishaitambua damu ya kaka kama adui, unaweza kuukataa uloto wa kaka huyohuyo baadaye.

Mama yetu alipoambiwa watoto wengine wapimwe, alimgeukia daktari, kijana wa umri wa kitinda mimba wake.

"Mwanangu daktari, nisije nikatibu mmoja nikalemaza mwingine. Huyu wa kutoa hatapungukiwa?"

"Hapana mama. Anachomwa dawa ya usingizi, tunavuta uloto nyuma ya nyonga. Atasikia maumivu ya kiuno siku chache, na mwili unaurudisha ndani ya wiki chache."

"Na nguvu za kiume?"

"Haziguswi kabisa, mama."

Niliona kaka yangu aliyekaa nyuma akishusha pumzi. Kwa hiyo msiwaache ndugu wabaki na maswali wanayoona aibu kuyauliza. Na huku kwetu, ambako watu wengi wana AS (wamebeba kinasaba kimoja cha selimundu bila kuugua), mjue kwamba kuwa na AS peke yake hakumzuii ndugu kuchangia uloto. Kitakachotokea ni kwamba mgonjwa naye ataanza kusomeka AS, na kundi lake la damu litakuwa la mchangiaji.

Miezi sita ya kwanza

Hapa upandikizaji ni mgumu kuliko dawa, hakuna ubishi. Wiki mbili hadi nne chembe huwa karibu na sifuri, mdomo unajaa vidonda, mgonjwa yuko chumba cha peke yake. Hatari kubwa zote zimerundikana kipindi hiki: maambukizi, uloto mpya kukataliwa, na chembe za mchangiaji kuushambulia mwili wa mgonjwa, jambo ambalo kwenye karatasi mtaliona limeandikwa GVHD. Hadi siku ya mia hivi huruhusiwi kukaa mbali na hospitali iliyokupandikiza. Lakini ukipita salama, kabla ya mwezi wa tatu kuisha wengi wameshaacha kuongezewa damu.

Dawa huanza kwa upole zaidi. Wakati wa dripu za ATG kuna homa na mtetemeko, na kati ya siku ya saba na ya kumi na nne viungo vinaweza kuuma na vipele kutoka. Daktari huliandalia hilo dawa mapema. Kisha mgonjwa anarudi nyumbani akiwa bado hajapona. Jambo hili ndilo linalovunja familia moyo: wiki ya sita HB bado iko chini, bado mnaongeza damu, shangazi anasema hospitali imeshindwa. Uloto huchukua miezi mitatu hadi sita kuitikia. Mkimwachisha siklosporini wiki ya nane ili mjaribu mzizi wa mtaalamu fulani wa Geita, mmeyatupa matibabu ambayo huenda yalikuwa yanaanza kushika.

Homa katika kipindi hiki, njia yoyote mliyochagua, ina kanuni moja. Ikifika nyuzi 38, mgonjwa anaondoka nyumbani saa hiyohiyo kwenda kupata antibiotiki ya mshipa. Pimeni malaria, sawa. Ila kipimo kikisoma malaria, bado msiridhike na dawa ya mseto ya duka la dawa na kulala, kwa sababu malaria na bakteria kwenye damu huweza kuwepo pamoja. Wa Ukerewe nawashauri wapange chumba Mwanza mjini kwa miezi hiyo. Homa ya saa tano usiku haisubiri kivuko cha asubuhi. Wa Sengerema na Geita wamepata nafuu tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025, maana zamani foleni ya kivuko peke yake ingeweza kula saa nzima au zaidi.

Mwaka wa pili, wa tano, wa kumi

Kwa aliyepandikizwa na mambo yakaenda vizuri, mwaka wa kwanza ukiisha siklosporini, ambayo naye huimeza ili kuzuia GVHD, huanza kupunguzwa mpaka inakwisha. Baada ya hapo hana kidonge cha kila siku. Damu yake ni ya kawaida kabisa, na ugonjwa kurudi ni nadra. Kwa watoto na vijana waliopata uloto wa ndugu anayelingana, kwenye vituo vyenye uzoefu, takriban tisa kati ya kumi wako hai miaka mingi baadaye. Wanafunzi wengi hurudi darasani kati ya mwezi wa sita na wa kumi na mbili.

Upande wa giza ni GVHD sugu, ambayo hujitokeza zaidi ndani ya miaka miwili ya kwanza. Macho na mdomo vinakauka, ngozi inakaza, ini au mapafu yanaathirika. Anayeipata vibaya amebadilisha ugonjwa mmoja kwa mwingine, tena akiwa kwenye dawa za kushusha kinga kwa miaka. Uwezekano unaongezeka kadiri umri unavyopanda, mchangiaji asipokuwa ndugu, na pia chembe zikivunwa kutoka kwenye damu ya mkono badala ya nyonga. Swali la kuuliza kituo chochote, kiwe Dar es Salaam au Chennai kule India: "Mtachukua uloto wa nyonga au chembe za kwenye damu?" Kwa ugonjwa huu, uloto wa nyonga ndio unaopendelewa.

Kinga ya aliyepandikizwa huchukua mwaka mmoja hadi miwili kujijenga. Chanjo za utotoni hurudiwa upya kana kwamba hakuwahi kuchanjwa, na zile zenye virusi hai, kama surua na homa ya manjano, husubiri angalau miaka miwili na mpaka dawa ziwe zimeisha. Baadaye kunabaki uchunguzi wa kila mwaka wa tezi ya shingo, mifupa, macho, ngozi na kinywa.

Kwa aliyetumia dawa, picha ni nyingine. Kwanza, mshushe matarajio ya namba. Kuitikia vizuri hakumaanishi HB ya 14. Wengi hutulia kwenye 10 au 11, chembe sahani zikiwa chini ya kiwango cha kawaida, na wanaishi. Chembe sahani za mdogo wangu zimegoma sitini na kitu, na anafungua genge lake Igoma kila asubuhi. Kipimo cha mafanikio ni kutohitaji damu ya chupa na kutolazwa kwa maambukizi. Anayemsumbua daktari ili namba zifike za kawaida hupoteza fedha na usingizi.

Pili, kamba haikatiki haraka. Siklosporini humezwa mwaka au zaidi, kisha hupunguzwa kidogo kidogo kwa miezi mingi. Karibu theluthi moja ya walioitikia, ugonjwa huwarudia; wengi wao huitikia tena dawa ikirudishwa juu, na baadhi huishi nayo miaka. Muda wote huo figo na presha vinapimwa. Fizi huvimba, nywele huota usoni (kwa msichana hili si dogo, msimwambie "shukuru uko hai"), na mikono hutetemeka kidogo.

Kuna asubuhi za kupima kiwango cha siklosporini kwenye damu. Mgonjwa hapaswi kumeza dozi ya asubuhi kabla ya kutolewa damu, la sivyo jibu litasoma juu na daktari atapunguza dawa isiyostahili kupunguzwa. Kwa hiyo mdogo wangu hukaa kwenye foleni ya maabara na kidonge kwenye mkoba, bado kiko kwenye karatasi yake ya fedha, kwa kuwa kikikaa wazi kinaharibika. Akishachomwa tu, anaipasua karatasi, harufu kama ya pombe inafika mpaka kwa jirani wa kushoto, anameza na maji ya chupa. Mzee mmoja aliwahi kumtazama, akatikisa kichwa, akasema, "Binti, asubuhi yote hii?" Ulizeni mapema kama kipimo hicho kinafanyika hapohapo au sampuli inasafirishwa, na majibu yanarudi baada ya siku ngapi.

Tatu, na hili ndilo zito: kwa miaka kumi, takriban mmoja kati ya kumi, au zaidi kidogo, uloto wake hugeuka ukaelekea kwenye ugonjwa mwingine, ikiwemo saratani ya damu. Wengine hukuza chembe zenye kasoro ya PNH, ambayo huleta mkojo mweusi asubuhi na damu kuganda mahali pasipotakiwa. Ndiyo maana kliniki haina mwisho. Mwaka wa nane mgonjwa akijisikia mzima wa afya, bado anatakiwa apime damu kila baada ya miezi michache. Aliyepandikizwa naye huenda kliniki, ila hofu hii ya ugonjwa kurudi au kugeuka kwake ni ndogo sana.

Kwa hiyo tukizungumza miaka kumi, na si mwezi wa kwanza, upandikizaji kwa kijana mwenye ndugu anayelingana unashinda. Sioni sababu ya kuzungukazunguka.

Kuishi kando ya ziwa na kinga iliyoshushwa

Maelekezo yanayokuja na mgonjwa kutoka India huandikwa kwa mtu wa mjini mwenye maji ya bomba. Hayataji kichocho. Kuoga au kufua ziwani, au kuingia humo kuvuta nyavu, si kwa mtu mwenye kinga iliyoshushwa. Mvuvi aliyepandikizwa atarudi majini siku moja, lakini si mwaka wa kwanza, na aliye kwenye siklosporini asubiri daktari aseme. Dagaa wa kukaushwa mchangani waoshwe na kupikwa mpaka waive hasa. Sato wa kuchoma asiyeiva katikati aachwe. Chandarua ni kila usiku, bila "leo joto".

Dagaa wana jambo jingine kwa anayetumia eltrombopagi. Kidonge hicho hushikwa na kalsiamu tumboni kisifanye kazi, na dagaa tunawala na mifupa yao. Maziwa, mtindi na dagaa vitenganishwe nacho: kidonge kimezwe angalau saa mbili kabla, au saa nne baada yake. Wengi huona kukimeza usiku wakati wa kulala ni rahisi zaidi.

Kifua kikuu hapa si jambo la mbali. Dawa ya rifampisini inayokitibu hushusha siklosporini kwenye damu kwa kiasi kikubwa, mpaka ugonjwa unaweza kurudi, ilhali baadhi ya dawa za fangasi na antibiotiki kama erithromaisini huipandisha hadi kuumiza figo. Balungi nalo linaipandisha. Kwa hiyo zahanati yoyote mtakayoingia, neno la kwanza liwe "yuko kwenye siklosporini". La pili: chembe sahani zikiwa chini, hakuna sindano ya makalio, hakuna diklofenaki wala aspirini.

Na misiba. Aliyepandikizwa hukatazwa mikusanyiko kwa miezi: daladala zilizojaa, ibada, matanga. Kwa mila zetu kukosa mazishi ya mjomba ni kosa, na maneno yatasemwa. Mtu mmoja wa familia apewe kazi ya kuwaeleza watu na kupeleka rambirambi kwa niaba ya mgonjwa. Kwa wa dawa makatazo haya hulegea mapema, nyutrofili zikishapanda.

Uzazi na pesa

Upandikizaji kwa ugonjwa huu mara nyingi haupigi mionzi ya mwili mzima, na kwa sababu hiyo wengi hubaki na uwezo wa kuzaa. Hata hivyo swali liulizwe kabla, si baada. Kwa mwanamke aliyepona kwa dawa, ujauzito unaweza kuurudisha ugonjwa kwa takriban mmoja kati ya watano, hivyo mimba ipangwe na kufuatiliwa hospitali ya rufaa.

Kuhusu pesa, siweki bei, zinabadilika. Tazameni umbo lake. Upandikizaji unadai kiasi kikubwa kwa mkupuo, na nauli na makazi ya watu wawili au watatu kwa miezi. Dawa zinadai ATG mwanzoni, kisha kiasi kisichoisha kila mwezi: siklosporini, vipimo, nauli ya kwenda hospitali ya Bugando, Mwanza. Familia nyingi huchangishana vizuri kwa mkupuo, kisha huchoka mwezi wa tisa. Ulizeni bima inalipa nini kwa maandishi, dawa kwa dawa.

Kuongezewa damu tu

Wapo wanaobaki hapa kwa kukosa uwezo, na siwalaumu, ila isihesabiwe kama njia ya tatu yenye mwisho mwema. Kila chupa ya damu inaacha miligramu 200 hadi 250 za chuma mwilini, na mwili hauna mlango wa kukitoa. Kuanzia chupa ya ishirini hivi feritini (kipimo cha chuma kilichohifadhiwa mwilini) hupanda, na moyo na ini vinaanza kubeba mzigo. Isitoshe, kila chupa inapunguza nafasi ya upandikizaji kufanikiwa. Pale ATG inapokosekana, muulizeni daktari kuhusu siklosporini pamoja na eltrombopagi bila ATG: katika utafiti mmoja, asilimia 46 waliitikia ndani ya miezi sita. Hiyo ni afadhali kuliko kungoja.

Nani ningemwelekeza wapi

Chini ya miaka arobaini, ugonjwa mkali, ndugu analingana, na fedha zinapatikana ndani ya wiki na si mwaka: upandikizaji, mapema, kabla chupa za damu hazijawa nyingi. Zaidi ya hamsini, au hakuna ndugu anayelingana: dawa kwanza, na ATG ya farasi kama inapatikana. Kati ya arobaini na hamsini na ndugu anayelingana, hapo ni mazungumzo marefu na daktari. Mtoto asiye na ndugu anayelingana: ulizeni kuhusu mchangiaji anayelingana nusu tu, mzazi kwa mfano. Vituo vyenye uzoefu sasa hufanya hivyo, ingawa mimi ningekubali hilo pale tu dawa zimeshindwa au kituo kinaonyesha matokeo yake kwa wagonjwa wa aina hiyo.

Mkichagua dawa, ndugu wapimwe tishu sasa hivi, msisubiri. Uamuzi wa pili unakuja mwezi wa sita: kama uloto haujaitikia, ndugu anayelingana anapaswa awe anajulikana tayari kwa jina, ana namba ya simu inayopatikana, na pasipoti yake haijaisha muda.